Je, wajua plastiki huhisije mwanga usioonekana kwa macho?

Mgonjwa anapobanwa kidoleni kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni, iwe katika hospitali ya Mulago mjini Kampala au katika kituo cha afya kijijini, huiona taa nyekundu peke yake. Taa ya pili, ya infraredi yenye mawimbi ya nanomita 940 hivi, humulika pia bila yeye kuiona, kwani jicho la binadamu hukomea karibu na nanomita 700. Kihisi kilicho upande wa pili wa kidole hulinganisha taa hizo mbili, maana damu iliyojaa oksijeni hunyonya infraredi zaidi, na nyekundu kidogo, kuliko damu iliyopungukiwa.

Kwa kawaida kihisi hicho ni cha silikoni, kigumu kama kigae. Hata hivyo kinaweza kuundwa kwa semikondakta (vipitishi nusu vya umeme) za kioganiki, yaani plastiki za molekuli za kaboni zinazoyeyushwa na kupakwa kama wino juu ya utando unaokunjika.

Ugumu uko wapi? Chembe ya mwanga wa nanomita 940 hubeba nishati ya elektronivolti 1.3 tu, na pengo la nishati ambalo elektroni ya plastiki hulazimika kuliruka ili umeme utokee halipaswi kuzidi kiasi hicho, ilhali plastiki nyingi za aina hii zina pengo pana zaidi. Wanakemia hulipunguza kwa kuunganisha, katika mnyororo mmoja, vipande vinavyotoa elektroni kwa urahisi na vinavyoipokea kwa urahisi.

Elektroni ikisharuka bado haiko huru: hung'ang'aniana na tundu ililoliacha, na jozi hiyo husafiri nanomita kama 10 tu kabla ya kuzimika. Ndiyo maana dutu mbili, mtoaji na mpokeaji wa elektroni, huchanganywa mithili ya katogo (chakula cha mchanganyiko cha Uganda), ili popote jozi inapozaliwa iwe jirani na mpaka wa kuitenganisha. Lakini katogo ikipondeka mno, elektroni hukosa njia ya kutokea.

Tena pengo likiwa dogo, joto peke yake huweza kuirusha elektroni, na kihisi kikatoa umeme gizani. Kwa maoni yangu, hilo ndilo la kuulizwa kwanza kabla ya kukipeleka katika miji ya Uganda kama Gulu au Moroto, pamoja na namna kilivyozibwa, kwa sababu oksijeni na unyevu wa hewani huiharibu plastiki hiyo.