Je, wajua? Kifaa kilichoandikwa "disabled" katika kerneli ya Linux huenda bado kinatumia umeme

Fundi wa Moshi anayemtengenezea mkulima wa kahawa kituo kidogo cha hali ya hewa, akifungua faili za bodi yake ndani ya kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo), atakuta mstari mmoja ukijirudia: status = "disabled". Wengi huamini kwamba mstari huo hukata umeme wa kifaa. Wengine huuona kuwa sampuli iliyoachwa ili mwingine ainakili. Imani zote mbili si sahihi, na ya kwanza ndiyo inayomaliza betri za watu.

Chipu nyingi za ARM haziwezi kujieleza zina nini ndani, kwa hiyo kerneli husomewa orodha iitwayo mti wa vifaa. Faili ya chipu hutaja vifaa vilivyomo na kuviacha vingi "disabled", kisha faili ya bodi huviandikia "okay" vile tu vilivyounganishwa.

Orodha hiyo hufanya kazi kama daftari la mapokezi la nyumba ya wageni. Chumba namba 7 kikiandikwa "hakipangishwi", mhudumu hatampeleka mgeni huko, lakini maandishi hayazimi taa: kama msafishaji aliiacha ikiwaka, itaendelea kuwaka. Vivyo hivyo, kerneli hukinyima kifaa draiva, yaani programu ya kukiendesha, ilhali programu iliyoiwasha bodi huenda ilikwisha kukiamsha. Ni kweli kwamba kerneli, ikikaribia kumaliza kuwaka, kwa kawaida huzima mapigo ya saa (mawimbi yanayoongoza kazi ya saketi) yasiyo na mtumiaji, lakini matokeo hutegemea chipu na draiva zake.

Sampuli iliyoachwa ili inakiliwe ni kitu kingine. Msimbo uliofungiwa kati ya #if 0 na #endif, yaani alama za kuuruka, ni ukurasa uliochanwa kabla daftari halijafika mapokezi. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, haiuoni kamwe, hivyo majina yakibadilika kwingineko, sampuli hiyo huoza kimyakimya na hakuna anayeambiwa. Si ajabu kwamba checkpatch, kikaguzi cha kerneli yenyewe, hushauri vipande vya namna hiyo viondolewe.

Kwa maoni yangu, mpaka ni huu: kilichomo kweli ndani ya chipu kibaki "disabled", kwa kuwa hayo ni maelezo ya kweli. Kihisi cha BME280 (cha joto, unyevu na kanieneo ya hewa) ambacho bodi huuzwa bila kuwa nacho hakistahili kuandikwa humo, hata kwa nia njema ya kumsaidia fundi wetu. Isitoshe, dtbs_check, ukaguzi wa kerneli wa miti ya vifaa, huisamehe nodi (ingizo la kifaa kimoja) ya "disabled" ikikosa sifa za lazima, kwa hiyo hata sampuli inayokompailiwa inaweza kuwa na pengo.

Mifano ina mahali pake, katika faili za maelezo za muundo wa YAML zilizo chini ya Documentation/devicetree/bindings, ambako ukaguzi mwingine, dt_binding_check, huikompaili na kuikagua. Mkulima akinunua kihisi, fundi huandika kiraka kidogo cha mti wa vifaa kwa ajili ya bodi hiyo moja. Na akitaka kipande kilichofutwa zamani, amri ya git log -S hukitafuta katika historia ya kerneli inayoanzia Aprili 2005.