Viraka vya pembesita kwa mkono: kosa huanzia kwenye karatasi

Pembesita, yaani viraka vya pande sita, zikigoma kukutana kwenye kona, mtu hulaumu mkono wake. Mara nyingi mambo yaliharibika kabla hata sindano haijatiwa uzi: karatasi za pembesita, ambazo kitambaa hukunjwa juu yake kabla ya kuunganishwa, hazikulingana.

Pembesita hupimwa kwa urefu wa upande mmoja, si kwa upana wake. Yenye upande wa sentimita 2.5 ina sentimita 5 kona hadi kona, na kama 4.3 ubavu hadi ubavu. Ukichapisha kwa printa, weka asilimia 100, kisha hakiki kwa rula. Usichore mpya kwa kuzungushia uliyokwisha kukata, maana kila nakala huongezeka unene wa penseli. Karatasi iwe ngumu kama ya kadi. Ya daftari hujikunja kitambaa kinapovutwa.

Kwa saizi hiyo, mraba wa pamba wa sentimita 6.5 unatosha. Weka karatasi katikati yake, punguza kona, ubakishe pindo la milimita 6 pande zote. Kunja pindo juu ya karatasi upande baada ya upande, na kila kona piga bandi (mishono ya kushikiza) mbili ndogo zinazoshika kitambaa peke yake. Wako wanaopitisha bandi kwenye karatasi. Inakubalika, ila utazifumua zote. Kunjo likilegea, kona huviringika, na patabaki tundu pale pembesita tatu zinapokutana. Tundu hilo hakuna pasi itakayoliziba.

Sasa weka mbili uso kwa uso, kona juu ya kona. Sindano namba 10 au 11, uzi mwembamba. Anza kwa mishono miwili mahali pamoja, kisha zungushia ukingo, mishono 5 au 6 kwa sentimita. Sindano idake nyuzi mbili tatu tu za kunjo la kila kipande. Ukiisikia inakwaruza karatasi, umezama mno. Vuta uzi mpaka ulale, usivute mpaka kitambaa kifinyane. Mishono ikionekana mbele, ama uzi ni mnene, ama umedaka kitambaa kingi, ama umekaza kupita kiasi.

Ua, yaani pembesita moja iliyozungukwa na nyingine sita, lina vipande 7. Shona kimoja kimoja kuzunguka cha katikati, halafu funga pande zinazogusana. Hapo karatasi ya katikati ikunje bila woga, itanyooka.

Ikishazungukwa pande zote 6, piga pasi kwanza, ndipo uichomoe. Za nje ziache: ukizitoa mapema, pindo hufunguka na ukingo huvutika. Karatasi iliyotoka nzima itumie tena, mpaka kona zake zianze kuchakaa.