Eti mpaka uwe fiti kwanza ndo uanze ngumi? Dhana potofu na ukweli wake

Kila nikikaa na vijana wa mtaani wanaotaka kuanza ngumi nasikia maneno yaleyale, "kaka ngoja nijiweke fiti kwanza, kitambi kikipungua naja jimu", mwaka unaisha hajaja. Alafu kuna mwingine, huyo kaja asubuhi jioni anataka avae glavu apande ulingoni apigane na mtu. Wote wawili wameamini kitu ambacho sio, na inaniuma kwa sababu wa kwanza anapoteza miaka yake na wa pili anaweza kuumia vibaya kabla hajajua hata kusimama.

"Mpaka niwe fiti ndo niende"

Jimu ya ngumi ndo inakufanya uwe fiti wa ngumi, hakuna sehemu nyingine. Siku ya kwanza kocha hakupiganishi na mtu, anakufundisha kusimama, kutembea, kurusha ngumi nyoofu ya mkono wa mbele, basi. Hiyo hata mwenye kitambi anaiweza. Ila ukiwa na wiki sita mpaka nane za kujiandaa kabla hujaenda zitakusaidia sana, sababu mwili ukiwa na pumzi kidogo akili inabaki na nafasi ya kujifunza, mtu aliyekata pumzi haambiwi kitu akashika. Kwaiyo jiandae, lakini weka tarehe ya kwenda na ikifika uende, uwe umepungua au hujapungua.

"Mi nina nguvu, napiga pushapu mia, vyuma nanyanyua"

Hapa ndo watu wengi wanaanguka, na mi nilikuwa humohumo. Nilikuwa na vile vyuma vyetu vya zege la kwenye makopo, kifua kimejaa, najiona tayari kabisa. Kocha hakunipa hata begi la kupiga, akasema piga kivuli raundi tatu, yaani rusha ngumi hewani peke yako. Raundi ya kwanza sawa, ya pili mikono ilishaanza kushuka kifuani, ya tatu nilikuwa natafuta hewa na sijapigwa hata ngumi moja. Raundi ni dakika tatu, mapumziko dakika moja, na dakika tatu za mikono kuwa juu kwenye mashavu huku miguu inatembea ni kitu tofauti kabisa na pushapu, maana pushapu unashuka unapanda unapumzika ukitaka, ulingoni mpumzishaji ni kengele peke yake.

Mfano mkubwa kuliko wote ulitokea hapa jirani, Kinshasa, usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu, George Foreman, alikuwa na miaka 25, ngumi zake zilikuwa zinatisha dunia nzima, alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton ndani ya raundi mbili mbili. Mpinzani wake usiku huo, Muhammad Ali, alikuwa na 32. Ali akaegemea kamba akajifunika akamwacha jamaa apige, apige, apige kwenye lile joto, na ilipofika raundi ya nane Foreman ngumi zake zilikuwa zimekwisha uzito na Ali akamwangusha. Nguvu alikuwa nazo tele yule bwana. Kilichomwishia ni pumzi.

Sasa pumzi inajengwaje? Taratibu, na hapo ndo watu hawanielewi. Wanatoka mbio kama wanafukuzwa, dakika tano hoi, kesho miundi inauma, keshokutwa wameacha. Kimbia mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kuhema, dakika 20 mpaka 30, siku tatu kwa wiki, ukishindwa tembea kidogo ukae sawa uendelee. Ndo maana zile klabu za jogingi za Jumapili asubuhi zinasaidia, mnakimbia mnaimba, ukiweza kuitikia wimbo basi mwendo wako uko sawa. Mwendo huu wa pole unaufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na huo moyo ndo unakurudisha haraka kwenye ile dakika moja ya kukaa kwenye kona. Baada ya wiki kama nne hivi ndo uchanganye na mbio fupi za kasi. Na kamba ya kuruka, jamani kamba! Anza raundi tatu za dakika mbili, ukikosea unaanza tena bila kukasirika, ikishakuwa rahisi panda dakika tatu. Kamba inajenga kigimbi, mabega, pumzi na kuhesabu hatua kwa pamoja, na inauzwa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote cha jimu.

"Vyuma vinamfanya bondia awe mzito"

Sio kweli hivyo. Mzito atakuwa yule anayebeba kwa ajili ya kujaza kifua tu na hakimbii, harushi ngumi, hanyooshi viungo. Ngumi haitoki mkononi, inaanzia kwenye mguu unaosukuma ardhi, inapita nyonga, kiuno kinazunguka, bega, mkono unakuja mwisho. Kwaiyo kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi, kubana tumbo kwa kulalia viwiko, hivyo vyote vinaongeza ngumi. Na shingo msiisahau, shingo yenye nguvu inasaidia kichwa kisirushwerushwe sana ukipigwa.

Kina dada nao wanaambiwaga watakuwa na mwili wa kiume. Mwili wa mwanamke una homoni ya testosteroni kidogo sana ukilinganisha na wa mwanaume, misuli haivimbi hivyo kwa kuruka kamba. Ngumi za wanawake ziko Olimpiki tangu London 2012, waangalieni wale mabinti kisha mniambie.

"Nikivaa sweta na nailoni nitapungua haraka"

Hii naiona kila siku, mtu anakimbia saa sita mchana Dar, kajifunga nailoni tumboni, juu sweta, jasho linachuruzika anafurahi. Lile jasho ni maji. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mzani na ukinywa lita moja ya maji kilo imerudi, mafuta yako palepale. Ulichopata ni damu kuwa nzito, moyo kwenda mbio na joto la mwili kupanda, na watu wanazimia hivyo, wengine wanakufa. Ukiwa na siko seli, hata kama wewe ni mbebaji tu wa kinasaba, hatari inazidi, kwaiyo nenda kapime kabla hujaanza, na presha pia upime.

Na mayai mabichi asubuhi acheni. Yai lililopikwa mwili unachukua karibu 90% ya protini yake, bichi ni kama nusu tu, alafu unajiweka kwenye hatari ya kuharisha. Chemsha. Maharage, dagaa na ugali wako vinatosha kabisa kwa anayeanza.

"Nishakuwa fiti, sasa nipiganishwe, si kuna kofia"

Hapa naomba tusomane vizuri. Kofia ya kichwani inasaidia usichanike, haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na ndo maana ngumi za ridhaa za wanaume ziliiondoa mwaka 2013 na Rio 2016 wakapigana bila kofia. Na ufiti wowote ule hauufanyi ubongo kuwa mgumu. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo kwenye ngumi, mtu fiti kuliko sisi wote, na Julai 1994 alifariki kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano Las Vegas.

Kwaiyo miezi ya mwanzo ni kivuli, kamba, begi, na pedi za kocha, zile anazovaa mikononi wewe unazipiga. Begi lenyewe usiliguse bila kufunga bandeji, ile ndefu ya mita nne na nusu hivi, ipite kwenye kifundo na katikati ya vidole, mi nililipiga mikono mitupu nikakaa wiki tatu siwezi kufungua hata chupa. Kupigana na mwenzako kuje ukishaweza kukwepa, kujifunika na kutembea raundi tatu mikono ikiwa juu bado, na mwanzo iwe kwa ngumi nyepesi, na anayekujua. Kocha akitaka kukupandisha wiki ya kwanza mwambie hapana, na akilazimisha chukua begi lako la nguo utafute jimu nyingine.