“Mashini iko nadanganya saa”: dhana potofu kuhusu direnv

Wiki jana kijana tunayefanya naye kazi hapa Kamalondo, Lubumbashi, aliniita mezani kwake. “Yaya, mashini iko nadanganya saa.” Kweli, simu yake ilionyesha 15:10, na amri `date` kwenye terminali ikasema 14:10. Hakuna kilichoharibika. Alikuwa ndani ya folda ya mradi wa mteja wa Kinshasa, na humo kuna faili `.envrc`. Linasomwa na direnv, programu ndogo inayobadili vigeu vya mazingira (thamani zenye majina ambazo programu nyingine husoma) kulingana na folda uliyomo. Lina mstari huu, unaoweka saa za eneo:

`export TZ=Africa/Kinshasa`

Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa 1. Nikamwambia aandike `cd ..`, atoke kwenye folda, kisha `date` tena. Ikasoma 15:11. Hata alipoingia, terminali ilikuwa imemwambia `direnv: export +TZ`, lakini nani husoma mistari hiyo? Akacheka, kisha akaanza kunieleza jinsi direnv inavyofanya kazi, na karibu kila alichosema kilikuwa na kasoro. Si yeye peke yake. Hayo hayo nayasikia kila ninapokaa na wanaoandika programu mjini hapa.

“Direnv inakaa pembeni muda wote, inachunguza folda zako.”

Haikai popote. Ulipoiweka, uliongeza mstari mmoja mwishoni mwa `~/.bashrc` (kwenye klavie zetu za AZERTY, hilo wimbi ni AltGr na 2):

`eval "$(direnv hook bash)"`

Mstari huo unaiagiza Bash, yaani sheli yako (programu inayopokea amri kwenye terminali), hivi: kila mara kabla ya kuonyesha ile `$` ya kusubiri amri, iite direnv kwanza. Direnv inatazama folda uliyomo, na kama haina `.envrc` inapanda za juu yake mpaka ikute moja. Ikilikuta, inaliendesha katika Bash nyingine ya pembeni, inalinganisha mazingira ya kabla na ya baada, kisha inaipa sheli yako ile tofauti tu. Ukitoka kwenye folda, tofauti hiyo inarudishwa kinyume: kilichoongezwa kinaondoka, kilichobadilishwa kinapata thamani yake ya zamani. Ndiyo sababu saa ya kijana ilijirekebisha bila mtu kuigusa.

Ukilishika hilo la `$`, mambo mengi yanayoitwa hitilafu yanajieleza yenyewe. Kwenye Bash, ukiandika `cd mradi && python tuma.py` kwa mstari mmoja, programu inaanza bila vigeu vya mradi, kwa kuwa `$` haijarudi kati ya amri hizo mbili. (Zsh, sheli nyingine, inaiita direnv hata wakati wa kubadili folda, kwa hiyo huko utapona.) Kazi uliyoiachia cron, inayoendesha amri kwa ratiba, nayo haioni chochote, maana cron haina `$` ya kumwonyesha mtu. Kwa hali kama hizo kuna `direnv exec`: unaipa njia ya folda, kisha amri yenyewe, nayo inapakia vigeu na kuiendesha.

“Niliweka alias ndani ya `.envrc`, haifanyi kazi. Direnv ni mbovu.”

Kinachovuka kutoka Bash ya pembeni ni vigeu vya mazingira peke yake. Alias (majina mafupi ya amri) na funksheni zinabaki kulekule. Weka skripti ndogo kwenye folda `bin` ya mradi, uandike `PATH_add bin` ndani ya `.envrc` ili sheli iitafute humo, maisha yaendelee.

“Kuandika `export` kwa mkono ni salama zaidi, unajua ulichoandika.”

Unajua asubuhi. Saa tisa alasiri, baada ya umeme kwenda na kurudi mara mbili na laptopu kuishi kwa betri, hujui tena. Kigeu ulichokiandika kwa mkono kinadumu mpaka ufunge terminali ile, uwe umehamia folda gani. Mimi nimelipa. Nilikuwa na wateja wawili wa SMS, shule na duka la vifaa vya ujenzi. Nikafanya kazi ya duka kwanza, na `export` zake zikabaki. Nikahamia folda ya shule, nikaendesha skripti ya ukumbusho, ambayo ilisoma ujumbe na jina la mtumaji kutoka kwenye mazingira. Wazazi wakapokea habari za punguzo la saruji. Mmoja alinipigia kuuliza kama anaweza kulipa karo kwa mifuko.

“`direnv allow` ni usumbufu, nimeitengenezea njia ijiendeshe yenyewe.”

Hapa nakuwa mkali kidogo. Wengi wanadhani `.envrc` ni orodha ya majina na thamani. Si orodha, ni programu kamili ya Bash. Anayeweza kuandika humo `export TZ=...` anaweza pia kuandika amri ya kufuta folda yako ya nyumbani au kutuma funguo zako za SSH (za kuingilia seva) kwa mtu. Umeshusha mradi wa mtu usiyemjua kutoka Git (chombo cha kutunza matoleo ya programu), ukaandika `cd`, basi. Ndiyo maana direnv inakataa faili jipya mpaka ulikubali kwa `direnv allow`, na ukubali huo umefungwa kwa mahali lilipo faili na kwa maandishi yaliyomo. Badilisha herufi moja, au hamisha folda, inakataa tena. Ukiona imekuzuia baada ya `git pull`, maana yake mwenzako amegusa faili. Fanya `cat .envrc`, soma, kisha ukubali. Ni sekunde kumi.

“Faili `.env` linapakiwa lenyewe.”

Kwa kawaida direnv inatafuta `.envrc`. Kama thamani zako ziko kwenye `.env`, andika neno `dotenv` ndani ya `.envrc`.

“Siri ikishakuwa kigeu cha mazingira, imefichika.”

Kila programu unayoianzisha kutoka sheli hiyo inarithi nakala ya vigeu vyote, hata ile ya kupunguza picha isiyohitaji nywila ya hifadhidata. Kwenye Linux, mazingira ambayo programu ilianza nayo yanasomeka katika `/proc`, kwa mtumiaji yuleyule na kwa root (msimamizi wa mashini). Na kwa kuwa ni nakala, seva iliyo tayari inakimbia kwenye terminali nyingine haitasikia thamani mpya mpaka uizime na kuiwasha. Kuhusu Git: ukisha-commit ufunguo (kuuhifadhi kwenye historia ya mradi), kuongeza `.envrc` kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git isiyafuate, hakuufuti katika historia. Omba ufunguo mpya, wa zamani uzimwe.

Ijumaa kijana akaniita tena. Safari hii kinyume: yuko ndani ya mradi uleule wa Kinshasa, folda ndogo ya `ripoti`, na `date` inasema saa ya Lubumbashi. Nikamuuliza kama ameweka `.envrc` nyingine humo. Ameweka, kwa ajili ya kigeu kimoja cha ripoti. Alidhani zinajumlishana. Direnv inachukua iliyo karibu zaidi na kuishia hapo, isipokuwa umeiambia ipande. Akaandika `source_up` kwenye mstari wa kwanza, akahifadhi, ikamzuia, akasoma, akaandika `direnv allow`. `date`: 16:42. Kwenye simu yake, 17:42.