Alipiga, akaomba msamaha: nini humzuia asirudie?

Mume aliyempiga mkewe ameomba msamaha mbele ya wazee. Yameisha?

Hapana. Baada ya kipigo mara nyingi huja siku za upole: zawadi, machozi, viapo. Kisha hasira hujikusanya upya. Wengi wanaopiga wanaamini wana haki ya kumtawala mwenzao, na imani hiyo haing'oki kwa kikao cha jioni moja. Kikao kikiisha kwa mke kuambiwa "vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo", mpigaji anaondoka akijua kwamba kupiga hakumgharimu kitu.

Akikamatwa atakoma?

Inategemea. Mwaka 1981 na 1982 polisi wa Minneapolis, Marekani, walipangiwa kwa bahati nasibu la kufanya: kumkamata mpigaji, kumtoa nyumbani kwa saa chache, au kumpa ushauri. Waliokamatwa walirudia kwa uchache zaidi. Jaribio liliporudiwa Milwaukee, waliokuwa na kazi walitulia, ila wasio na kazi walizidisha. Selo bila ufuatiliaji baada ya kutoka haitoshi.

Tatizo si pombe tu?

Pombe huzidisha vipigo na ukali wake, kwa hiyo ulevi utibiwe. Lakini mlevi huyohuyo hampigi bosi wake. Akiacha pombe na akabaki na imani ileile, mke bado hayuko salama.

Mafunzo yanasaidia?

Vikundi vya wanaume waliopiga hupunguza marudio kidogo, na wanaoacha mafunzo njiani ndio hurudia zaidi. Kwa hiyo mahakama inapaswa kujua nani hakuhudhuria. Rwanda, mradi wa Indashyikirwa uliwakalisha wanandoa wa kawaida vijijini kwa vipindi 21 wakizungumza kuhusu madaraka, wivu, fedha na pombe, na vipigo vilipungua. Ila mke anayeogopa kusema ukweli mbele ya mumewe asikalishwe naye kikao kimoja. Anaweza kuadhibiwa wakifika nyumbani.

Lini nisisubiri tena?

Akikukaba koo. Utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na hatari ya kuuawa takriban mara 7 zaidi. Nenda hospitali hata kama huna alama, maana koo huweza kuvimba baadaye. Hatari nyingine ni silaha, vitisho vya kuua, na siku za mwanzo baada ya kuachana: usirudi peke yako kuchukua nguo. Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na fomu ya PF3, ya kwenda nayo hospitali, hutolewa hapohapo. Ukiwa na jeraha la hatari, anza na matibabu.

Mimi ndiye ninayepiga. Nifanye nini?

Mwambie mtu unayemheshimu ulichofanya, bila kuongeza "aliniudhi". Hasira ikipanda toka, ukalale kwa ndugu. Tafuta mshauri na uende hata wiki unayojiona umepona. Mkeo akitaka kukaa mbali nawe, mwache akae, na usitume watu wa kumbembeleza.