Wikendi ya Old Moses: yale watu husema na ukweli wenyewe

Kila mara watu wa Nakuru na Kisumu wakianza kupanga wikendi ya Mlima Kenya na mabeshte, grupu ya WhatsApp inajaa ushauri, na mwingi wake si wa kweli, na mlimani ushauri mbaya unaumiza mtu kabisa. Naongelea ile safari fupi: Jumamosi mnaingia geti la Sirimon, mnatembea kama kilomita 9 hadi banda la Old Moses, mnalala, Jumapili mnashuka.

Ile nasikia sana ni "mimi niko fiti, nakimbia kila asubuhi, mlima haunisumbui." Hapana. Ugonjwa wa mwinuko, yaani kuugua kwa sababu umepanda juu sana, haujali mazoezi. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia ile ile 21 kama ya Mombasa, kinachopungua ni presha, na pale Old Moses kwa mita 3,300 presha iko kama theluthi mbili ya ile ya pwani, kwa hivyo kila pumzi inakuletea kidogo. Tena huyo mkimbiaji ndiye wa kuangaliwa, kwa sababu miguu yake inampeleka juu haraka kuliko mwili unavyozoea.

Halafu kuna "sisi wa Nakuru tumezoea, shida itakuwa ya hawa wa Kisumu." Ni kweli Nakuru iko kama mita 1,850 na Kisumu kama 1,130, lakini matatizo huanza kuonekana kuanzia karibu mita 2,500, na geti la Sirimon lenyewe limeshapita hapo. Wote mko ugenini.

Dalili ni kichwa kugonga, kichefuchefu, chakula kukukataa, usingizi kupotea. Ukiona mmoja wenu ugali umepoa kwa sahani, amejikunja kwa kona na kofia imefunika macho, usiseme amechoka tu, muulize anaskiaje. Mtu kama huyo haendi juu zaidi mpaka apoe, na akizidi anashuka. Panadol inatuliza kichwa, haiponyi mwinuko. Na akianza kuyumba kama mlevi, au kuongea vitu havishikani, au kuhema akiwa ameketi tu, shukeni naye saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, na asiachwe peke yake.

"Wikendi inatosha kugusa Lenana." Hii naomba muwachane nayo. Lenana ni kilele cha mlima, iko mita 4,985. Ukishapita mita 3,000 inashauriwa usilale zaidi ya mita 500 hivi juu ya pale ulilala jana, na kutoka Old Moses hadi Shipton's, kambi ya kulala inayofuata, ni kuruka mita 900, ndio maana wengi hupangia mlima siku nne au tano. Siku mbili ni za Old Moses, na inatosha kabisa, mawingu yakifunguka jioni unaona Laikipia yote imelala pale chini.

Wengine wanauliza watakodisha wapi vile viatu vipana vya kutembelea theluji. Hivyo ni vya nchi zenye theluji nyingi laini, vinatawanya uzito wako usizame. Hadi Old Moses njia ni barabara ya gari, unapita msitu halafu nyasi, theluji hupatikana juu huko karibu na vilele. Hapa utakanyaga matope, kwa hivyo buti yenye meno.

"Si ni ikweta, baridi itoke wapi?" Joto hushuka kama digrii 6.5 kila mita 1,000, hesabu mwenyewe kutoka Nakuru, halafu weka usiku na upepo. Bandani kuna vitanda na magodoro lakini usitarajie moto wa kuota, beba slipingi begi nzito. Jinzi ikilowa haikauki, heri flisi ya mitumba, soko la Kibuye pale Kisumu zimejaa.

Na ile chupa ya "kupasha mwili"? Pombe inasukuma damu joto hadi kwa ngozi, unaskia moto huku mwili unapoteza joto, na usingizi unaharibika zaidi. Bebeni chai ya tangawizi kwa thamosi, na mkifika tu badilisheni nguo zenye jasho kabla hamjaketi.