Msaidizi wa mazungumzo kwa wasioona: ni kitu gani hasa?

Shangazi yangu wa Igoma, Mwanza, haoni, lakini simu janja anaitumia kunishinda. Anapitisha kidole kwenye kioo, simu inamsomea kila anachogusa, tena kwa kasi ambayo mgeni haambulii hata neno. Kinachomsomea kinaitwa kisoma-skrini. Kwenye Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver iliyoingia mwaka 2009, na kwenye kompyuta wengi hutumia NVDA kwa kuwa ni ya bure. Sasa kimekuja kitu kingine ambacho watu hukichanganya na hicho, nacho ni msaidizi wa mazungumzo, yaani programu unayoiuliza swali nayo ikakujibu kwa sauti.

Tofauti yao niliielewa siku kundi letu la ukoo lilipotumiwa kadi ya mchango wa harusi kwa WhatsApp. Kisoma-skrini kilimwambia shangazi neno moja tu: "Picha." Kinasoma maandishi ambayo simu inayajua kuwa ni maandishi, na yale yaliyonasa ndani ya picha mara nyingi kwake ni kama ukuta. Zamani angenipigia, "Mwanangu, hiyo kadi inasemaje?" Safari hii aliipeleka kwa msaidizi, akasomewa jina la bwana harusi na la bibi harusi. Akauliza, "Ukumbi uko wapi?" Akajibiwa. "Na mwisho wa kuchangia lini?" Akajibiwa tena.

Hilo swali la pili na la tatu ndilo linaloipa programu hii jina lake. Kisoma-skrini husoma kilichoandikwa kama kilivyo, unachokitaka ukitafute mwenyewe. Msaidizi unamuuliza unachokitaka, yaliyobaki anayaacha, na ukisema "hiyo namba irudie polepole" anajua namba ipi.

Ndani yake kazi tatu zinapokezana. Ya kwanza inageuza sauti yako kuwa maandishi. Ya pili ni akili unde (AI), ile modeli kubwa ya lugha iliyofunzwa kwa maandishi na picha nyingi mno. Inapokea swali pamoja na picha uliyopiga, inatunga jibu. Ya tatu inalisema jibu kwa sauti. Kazi ya pili kwa kawaida haifanyiki ndani ya simu. Picha husafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, kisha jibu hurudi. Kwa hiyo bando likiisha, msaidizi naye ananyamaza, wakati kisoma-skrini kinaendelea na kazi kama kawaida.

Mfano unaojulikana sana ni programu ya Be My Eyes, iliyoanzishwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, ambaye mwenyewe ana uoni hafifu. Ilipotoka mwaka 2015 haikuwa na akili unde yoyote: asiyeona alipiga simu ya video, mtu wa kujitolea mahali fulani duniani akamwazima macho, akamwambia kama maziwa yamepita tarehe. Mwaka 2023 wakaongeza msaidizi anayetumia modeli ya GPT-4 ya kampuni ya OpenAI. Watu wa kujitolea hawakuondolewa, na naona walifanya vizuri, kwa sababu nitakayoieleza.

Programu kama hii ikitoka husemwa "imezinduliwa", na neno hilo nalo linapotosha kidogo. Ukilisikia unawaza mgeni rasmi, utepe na mkasi. Kwa watu wa programu, kuzindua ni kufungua mlango kidogo kidogo. Msaidizi yule wa Be My Eyes alijaribiwa kwanza na kundi dogo la wasioona, akafunguliwa kwa wenye iPhone, wa Android wakafuata. Wasioona ndio wanaogundua kasoro ambazo mwenye macho hawezi kuziwaza, kwa mfano kitufe kisicho na jina, au msaidizi anayeanza kuongea wakati kisoma-skrini bado kinaongea, sauti mbili zikagombana sikioni.

Tena ukimleta msaidizi huyo Mwanza, kuna mtihani ambao Ulaya hawaufikirii. Tuseme shangazi yuko gati la Kamanga anasubiri kivuko, anapiga picha ya bango la ratiba lililoandikwa 8:00. Msaidizi akimsomea "saa nane", amemharibia safari. Kwetu 8:00 ya asubuhi ni saa mbili. Saa nane ni mchana, saa sita baadaye. Kila neno kalisoma sawasawa, na bado kamdanganya. Msaidizi aliyetafsiriwa Kiswahili tu haitoshi. Awe anajua Mswahili anahesabuje saa, awe anatamka Ukerewe na Ng'wanangwa bila kuuma ulimi, na amwelewe mtu ambaye katikati ya swali ametia neno la Kisukuma, maana huku ndivyo tunavyoongea.

Halafu kuna tabia yake mbaya kuliko zote: kubuni. Msaidizi haoni kama unavyoona wewe. Anakisia kutokana na picha, na akikosea hakosei kwa kusitasita. Sauti ni ileile tulivu. Shangazi alishapiga picha ya boksi la dawa huku kidole kimeziba nusu ya tarehe, akatajiwa mwaka kamili ambao haukuwepo kwenye boksi. Ndiyo sababu Be My Eyes wenyewe huonya usimtegemee kuvuka barabara wala kwa mambo ya dawa. Fimbo nyeupe inabaki mkononi. Na ndiyo maana nikasema ni vizuri binadamu wamebaki upande wa pili wa simu.

Kwa noti sijaona kama ana faida kubwa. Noti zetu zinatofautiana urefu, na shangazi huzipima kwa vidole kabla mimi sijatoa simu mfukoni. Huduma za pesa za nyota na reli, zile unazopiga kwa * na #, nazo hazijapona: menyu hujifunga ukichelewa kujibu, na anayesikiliza mstari kwa mstari lazima achelewe. Hapo msaidizi hana la kufanya, na namba ya siri hupaswi kumwonyesha kabisa. Picha ikishatoka kwenye simu yako, imekwenda kwa watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini asiyeona anaweza kupiga picha ya barua asijue kuwa kitambulisho cha mtu kilikuwa pembeni yake mezani.

Walio na uoni hafifu, wakiwemo ndugu zetu wengi wenye ualbino huku Kanda ya Ziwa, humtumia kwa namna nyingine. Wao bango wanaliona lipo, herufi ndizo hazisomeki. Kwao swali moja tu linatosha.

Shangazi siku hizi ana utaratibu wake. Dawa anaipiga picha mara mbili, boksi likiwa limegeuzwa, na anauliza kwa maneno tofauti. Majibu yakifanana anaendelea. Yakipishana, simu yangu inaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Fungua video, huyu mwenzako ameanza tena."